Ororo alienda na mvua yake. Kijiji kiliachiwa nani?

Hebu nikuulize kitu kabla hujaendelea kusoma. Kama leo mgeni mwenye pesa angeingia mtaani kwenu na kumtaka yule mtu mmoja ambaye mtaa mzima unamtegemea, ungemwambia aende ama abaki?

Usijibu haraka. Mimi nimekaa na hilo swali wiki mbili sasa, na kilichonitia kichwani ni hadithi ya katuni iliyotoka kabla wazazi wangu hawajajuana.

Niliipata Toi. Unajua Toi ilivyo: unaenda kutafuta viatu, unarudi na kitu ambacho hukupanga. Kuna jamaa huwa anatandika vitabu vya mitumba chini, vya hesabu za darasa la sita vikiwa vimechanganyika na vya mapishi ya Uingereza. Katikati ya hiyo rundo nikaona toleo la kurudiwa la Giant-Size X-Men nambari 1. Jalada halikuwepo, na kurasa mbili zilikuwa zimeshikana na chai ya mtu. Akataka mia mbili. Tukaelewana mia na hamsini. Nakala halisi ya 1975 iliuzwa senti 50 za Marekani, na siku hizi wakusanyaji huilipia maelfu ya dola. Yangu haina thamani hiyo, lakini maneno ni yale yale na picha ni zile zile.

Kama unawajua X-Men kupitia sinema peke yake, nikupe historia kidogo. Kikundi hiki kilibuniwa mwaka wa 1963 na Stan Lee na Jack Kirby. Ni vijana waliozaliwa na nguvu za ajabu mwilini, wanaitwa mutanti, na watu wa kawaida wanawaogopa. Wale watano wa kwanza walikuwa Wamarekani weupe watupu. Mauzo yakashuka, na kufikia 1970 kampuni ikaacha hata kuandika hadithi mpya, ikawa inachapisha zile za zamani tu. Ndipo 1975 mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum wakapewa kazi ya kuwafufua.

Njia waliyotumia ni rahisi. X-Men wa zamani wamepotea kwenye kisiwa kinachoitwa Krakoa, na ni Cyclops peke yake aliyetoroka. Profesa Xavier, mwalimu wao, anazunguka dunia kutafuta watu wapya saba wa kwenda kuwaokoa. Anampata Nightcrawler Ujerumani, Wolverine Kanada, Sunfire Japani, Colossus kwenye shamba la ushirika Siberia, Thunderbird kwa Wahindi Wekundu wa Arizona. Banshee, Mwairishi, anamkuta Nashville.

Na mmoja anampata Kenya.

Ndiyo, Kenya. Yule Storm aliyeigizwa na Halle Berry kwenye sinema ya 2000, jina lake ni Ororo, na mara ya kwanza kabisa kuonekana kwenye karatasi alikuwa hapa kwetu. Nywele nyeupe, macho ya buluu, nguo karibu hakuna. Watu wa kijiji wanamwomba mvua kwa sababu ardhi imekauka, naye anapaa hewani, anaita mawingu na mvua inanyesha. Wao wanamwona kama mungu wa kike. Kisha Profesa anatokea na suti yake na kumwambia kwamba yeye si mungu, ni mutanti, na kwamba ana wajibu kwa dunia iliyo kubwa kuliko hapo. Anasikiliza, anafikiria kidogo, na anakubali. Kurasa chache tu, mambo yamekwisha, na sisi tunapelekwa Japani.

Nilipoisoma mara ya kwanza, kwa simu ya binamu yangu nikiwa kidato cha pili, nilifurahi vibaya sana. Manze, Kenya iko ndani ya X-Men! Nilionyesha darasa nzima. Hakuna aliyeuliza swali, na mimi sikuuliza.

Safari hii nimeuliza.

La kwanza ni lile ambalo kila mtu ataliona. Hiyo Kenya ni gani? Ni nyumba za nyasi na watu waliopiga magoti, basi. Mwaka huo wa 1975, jengo la KICC lilikuwa limekamilika miaka miwili kabla. Mwezi Machi mwaka huo mbunge J.M. Kariuki aliuawa na mwili wake ukapatikana Ngong, na nchi nzima ikatetemeka. Hilary Ng'weno alikuwa ndiyo ameanzisha gazeti lake la The Weekly Review. Tena, huyo huyo Ng'weno na mchoraji Terry Hirst walikuwa tayari wameanzisha jarida la Joe hapa Nairobi mwaka wa 1973, limejaa katuni za mjini: watu wa baa, wa ofisi, wa mabasi, wa kutafuta kodi. Taifa Leo nayo ilikuwa na Juha Kalulu wa mzee Edward Gitau, ambaye aliwachekesha watu kwa miongo mingi. Yaani wakati New York inatuchora tukiwa tumepiga magoti, sisi tulikuwa tunajichora tukiwa wima, tunacheka wakubwa wetu. Len Wein na Cockrum hawakuwa na habari hiyo, na sidhani walitafuta.

Sawa, hilo ni kosa la miaka hiyo na wengi wameshalisema. Sitaki kukaa hapo. Ukisimama kwenye kosa la nguo na nyumba za nyasi, utapitwa na kosa kubwa zaidi, lile ambalo mimi mwenyewe nililipita nikiwa kidato cha pili.

Angalia tena. Ororo anaondoka. Kiangazi kijacho kikija, nani ataita mvua?

Hadithi haiulizi. Kijiji hakirudi tena kwenye toleo hilo hata mara moja. Linganisha na Colossus wa Siberia. Yeye ana wazazi, ana dada mdogo anayemwokoa trekta isimgonge, na unaelewa anaacha nini nyuma. Watu wa Ororo hawana hata mmoja mwenye jina. Kazi yao ilikuwa kuonyesha kwamba yeye ni mkubwa, na baada ya hapo hawahitajiki. Profesa anasema wajibu uko kwa dunia, na mwandishi anakubaliana naye kiasi kwamba hakuoni kijiji kama sehemu ya dunia.

Sasa nikwambie kwa nini hili jambo limenikaa kooni.

Hapa Makina tuna kikundi cha vijana. Sina haja ya kukitaja, na hakijasajiliwa popote. Kila mwaka kabla ya mvua za Machi tunazibua mitaro. Unaweza kudhani ni kazi ya koleo na glovu, lakini si hivyo. Mitaro ya huku haionekani. Mingine imejengewa nyumba juu, mingine imefunikwa na mabati na meza za mama mboga, mingine inapita chini ya choo cha mtu na huwezi kuigusa bila kuongea na wazee kwanza. Ukizibua mmoja vibaya, maji yanahama na kuingia kwa jirani. Lazima ujue yote inavyoungana.

Anayejua ni mmoja. Rafiki yangu, tulisoma pamoja msingi. Amekuwa akifuata mafundi wa mabomba tangu akiwa mtoto, na ana ramani nzima kichwani. Mvua ikianza usiku, yeye ndiye anapigiwa simu, na anakwambia, "Nenda nyuma ya ile nyumba ya mlango wa kijani, inua bati, toa gunia." Unaenda, unakuta gunia. Maji yanashuka. Mtoto wa mtu analala pakavu.

Mwezi ujao anaenda Ghuba kuwa bawabu. Ejenti ameshapata viza. Mkataba ni wa miaka miwili.

Unaona sasa? Ororo wa katuni alikuwa analeta mvua. Ororo wetu anajua pa kuipeleka. Mwaka wa 2024 mvua za masika ziliua zaidi ya watu 250 nchini, na si kwamba mvua ilikuwa na chuki na watu. Maji hayakuwa na njia. Na hata mwaka mmoja na nusu haukuwa umepita tangu kaskazini mwa nchi kushuhudia misimu mitano mfululizo ya mvua kukosa kunyesha. Nchi hii inakausha watu halafu inawazamisha. Mtu anayeelewa maji si mtu mdogo hapa.

Najua unachofikiria. Unafikiri nitasema abaki. Siwezi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na naandika hizi makala kati ya vibarua. Nani amenipa ruhusa ya kumwambia kijana mwenzangu akatae mshahara wa kila mwezi ili abaki akizibua mtaro bure? Mamake amepangisha chumba kimoja tangu tukiwa shule. Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 mwaka wa 2024. Hizo pesa ni karo, ni dawa, ni mabati mapya. Mtu akikwambia kwenda ni usaliti, muulize yeye analipwa na nani.

Tena, wanaokwenda si wote hupotea. Wangari Maathai alienda Marekani mwaka wa 1960 na ndege zile za wanafunzi. Alisoma huko, akarudi, akapata shahada yake ya udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi 1971. Mwaka wa 1977, miaka miwili tu baada ya Ororo kuondoka kwenye karatasi, Wangari alipanda miti saba pale Kamukunji, na ndiyo ikawa mwanzo wa Green Belt. Profesa Xavier alichukua watu saba kutoka dunia nzima. Wangari alianza na miti saba na kina mama wa vijijini wenye mikebe ya miche. Nikiambiwa nichague kikundi kipi kilibadilisha hali ya hewa ya Kenya, sihitaji kufikiria.

Tazama alivyofanya kazi lakini. Hakukaa juu ya kilima watu wakimwomba miti. Aliwafundisha kina mama kukusanya mbegu, kuotesha, kuhesabu. Alipofariki 2011, miti iliendelea kupandwa. Ukimtoa Wangari, kazi inabaki. Ukimtoa Ororo, kijiji kinabaki na anga tupu.

Na kama unadhani mvua ya Kenya iliwahi kuwa ya mtu mmoja, uliza Bunyore. Ukoo wa Nganyi umekuwa ukisoma mvua huko kwa vizazi vingi: wanaangalia maua ya miti, ndege, wadudu, upepo. Hiyo elimu inarithishwa, mzee kwa kijana. Na miaka ya karibuni wazee hao wamekuwa wakikaa meza moja na wataalamu wa Idara ya Hali ya Anga, wanalinganisha utabiri, wanatoa neno moja kwa wakulima. Yaani hao waombaji mvua wa kweli ni kikundi chenye mpango wa nani atafuata. Huyo ndiye mwombaji mvua ambaye New York ilishindwa kumwona, kwa sababu hang'ai kwenye picha.

Kwa hivyo tatizo langu na Ororo si kwamba alienda. Ni kwamba alienda bila kumwachia mtu chochote, na hadithi ikaona ni sawa.

Halafu kuna kitu cha ajabu, na hiki ndicho kilinifanya niisome tena mara ya tatu. Ukifika mwisho wa toleo hilo, utagundua kwamba Krakoa si kisiwa cha kawaida. Kisiwa chenyewe kiko hai, na kinakula nguvu za mutanti. Ngumi za Colossus hazifui dafu, makucha ya Wolverine hayafui dafu. Unajua kinachowaokoa? Ororo anaita radi na kumpa Lorna Dane, msichana wa sumaku, na ni Lorna anayeitumia hiyo nguvu kukitupa kisiwa kizima nje ya dunia. Soma vizuri hapo. Ororo hashindi kwa kupiga. Anashinda kwa kumjaza mwenzake.

Kumbe alikuwa anaweza! Hiyo nguvu ilikuwa ya kugawanyika tangu mwanzo. Ni kwamba kule kijijini hakuna aliyemwomba agawe, na yeye hakufikiria. Walimwinua juu sana kiasi kwamba hakuna aliyesimama karibu naye akajifunza kitu.

Na hapo, msomaji wangu, lawama inaturudia sisi. Mimi na kikundi chetu tulimfanya rafiki yangu mungu wa mitaro. Kila mvua tunapiga simu. Miaka mitano hakuna hata mmoja wetu aliyesema, "Hebu nionyeshe huu unaenda wapi." Ilikuwa rahisi kumsifu. Kusifu hakuna kazi. Wewe pia uko na mtu kama huyo. Labda ni yule mama anayejua kila mtoto wa ploti ana mzio wa dawa gani. Labda ni kocha wa timu ya mtaa. Labda ni yule dada anayejua kuandika barua ya chifu ikakubaliwa. Umemwita shujaa mara ngapi? Na umemuuliza mara ngapi anafanyaje?

Tusiseme haiwezekani kwa sababu imeshafanyika hapa hapa. Mwaka wa 2009 Kibera ilikuwa pengo kwenye ramani za intaneti, kana kwamba ni msitu. Vijana 13 wa humu wakachukua vifaa vya GPS, wakatembea vichochoro vyote, wakaandika zahanati, vyoo, shule, maji. Map Kibera ilianza hivyo. Walichokuwa wanakijua kwa miguu kikawa kitu ambacho mgeni angeweza kukisoma.

Mwaka uliofuata, 2010, Shujaaz ikatoka. Ni komiki ya Sheng, ya bure, iliyokuwa inakuja ndani ya Daily Nation na kugawanywa kwa vibanda vya M-Pesa. Boyie na redio yake ya siri hakuwa anapaa. Alikuwa anachukua wazo la kijana mmoja wa mtaani na kulitangaza ili mwingine alifanye kwake. Miaka miwili baadaye ikashinda tuzo ya kimataifa ya Emmy. Ukiziweka mezani pamoja, X-Men ya 1975 na Shujaaz, utaona tofauti. Moja inasema shujaa ni mtu aliye na kitu ambacho wewe huna. Nyingine inasema shujaa ni mtu anayekuonyesha alivyofanya.

Siitupi X-Men yangu. Bado naipenda. Cockrum alichora mawingu kama mtu aliyelala nje mvua ikimnyeshea. Na kumpa msichana Mwafrika nafasi mbele, mwaka wa 1975, kati ya mashujaa wa kampuni kubwa ya Marekani, lilikuwa jambo. Lakini ukishakua, unaruhusiwa kukipenda kitu na kukidai deni lake.

Kwa hivyo hili ndilo ninalokuomba. Kama unaenda, nenda. Ghuba, Uingereza, Kanada, hata Eldoret. Usikubali mtu akutie hatia. Lakini wiki zako za mwisho usizimalize zote kwa sherehe na picha za uwanja wa ndege. Tafuta mmoja umwachie unachokijua. Na kama unabaki, acha kuwa mshabiki. Nenda ukaulize ukiwa na kalamu.

Jumamosi iliyopita nilimfuata rafiki yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, lakini alipofungua mlango nikasema tu, "Niandikie mitaro yako yote kabla uende." Alicheka. Akaniambia, "Siku zote nilidhani hamtaki kujua." Hilo liliniuma kuliko kitu kingine chochote mwaka huu.

Akachukua kalenda ya mwaka jana, akaigeuza, akaanza kuchora. Alichora saa mbili. Kuna mistari ya buluu ya mitaro iliyo wazi, na myekundu ya iliyo chini ya nyumba. Kuna alama ya msalaba mahali ambapo lazima ubishe hodi kwanza, na jina la kumuuliza. Mahali pawili aliacha alama ya kuuliza, kwa sababu hata yeye hana uhakika maji yanatokea wapi.

Kesho asubuhi tunaenda kuangalia hizo alama mbili. Tutakuwa sita. Yeye ametuambia hatashika koleo, atasimama kando, na tukikosea atanyamaza mpaka tujue wenyewe.